Sayyid Khalifa Yupi?

Ami yangu hajasema nami tangu Ramadhani, na sababu yake ni duara. Wala si fumbo. Ni duara dogo, kama punje ya mtama, lililochorwa na mkono wa mtu kwenye fedha ya ala ya jambia la marehemu babu. Dalali alilisoma kuwa ni sifuri. Mimi nimelisoma kuwa ni tano. Kati ya sifuri yake na tano yangu pana karibu nusu karne, masultani wawili wenye jina moja, na pesa ambazo ami alikwisha kuzipangia kazi.

Nitalieleza jambo lenyewe, lakini nianze kwa kusema kwamba simwandikii ami. Mambo yetu tutayamaliza nyumbani, au hatutayamaliza. Ninawaandikia wale wanaopokea kisu cha mtu, wakakigeuza mara mbili kwenye mwanga, kisha wakakizaa upya: eti kina miaka mia mbili, eti cha kifalme, eti mpini ni pembe ya kifaru. Na ninatuandikia sisi wapenda vitabu, ambao tungeona haya kusema hivyo juu ya mswada wa utenzi, lakini juu ya jambia tunameza bila kutafuna.

Jambia lenyewe ni hili. Bibi alilitoa Unguja mwaka 1964 akaja nalo Mombasa, limefungwa kwenye kanga, ndani ya kapu, chini ya nguo za watoto. Lilikaa kabatini. Tulipokuwa wadogo tuliruhusiwa kuliona sikukuu tu, na kila mara bibi alisema maneno yaleyale, hayaongezeki wala hayapungui: "Hili la enzi ya Sayyid Khalifa. Alilifanya sonara Mhindi, nyuma ya soko la Darajani." Basi. Hakusema nani alivaa, hakusema Sultani alimpa nani. Enzi, na sonara.

Bibi alipofariki jambia likaenda kwa ami, ambaye ndiye mkubwa. Mwaka jana paa la nyumba ya ami likaanza kuvuja, akaletewa dalali. Dalali akalipiga picha, akaenda, akarudi na karatasi iliyochapwa vizuri. Karatasi ilisema kwamba hili ni jambia la kifalme la Zanzibar, la mwaka 1307 Hijria, yaani 1889 au 1890, enzi ya Sultani Khalifa bin Said. Kwamba mpini wake ni pembe ya kifaru. Kwamba lilitolewa kasri na Sultani kumpa mtumishi wake mwaminifu, na "familia" ikalificha ilipokimbia. Chini pakawekwa bei. Sitaitaja, lakini paa lingeezekwa na pesa zingebaki.

Ami akanitumia karatasi ile niipitie Kiswahili chake. Kiswahili kilikuwa safi. Kilichonikwaza ni tarakimu.

Maandishi kwenye ala ni mawili tu: "Mashallah", na mwaka. Tarakimu ni za Kiarabu: ١٣٥٧. Moja, tatu, duara, saba. Sasa, yeyote aliyekaa chuoni hata mwaka mmoja anajua kwamba katika tarakimu hizo sifuri si duara, sifuri ni nukta. Duara ni tano. Mwaka ule si 1307, ni 1357, ulioanza mwezi wa Machi 1938. Ningeweza kusema dalali hakusoma chuo. Lakini mtu huyohuyo alijua kugeuza Hijria kuwa Miladia, na aligeuza sawasawa. Alimjua Khalifa bin Said, ambaye wengi wetu tumemsahau. Anajua yote hayo, ila tano haijui? Haya.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi. Zanzibar ilikuwa na masultani wawili walioitwa Khalifa. Wa kwanza, bin Said, alikaa kwenye kiti tangu 1888 hadi mwanzoni mwa 1890, hata miaka miwili haikutimia. Wa pili, bin Haroub, alitawala tangu 1911 hadi alipofariki 1960. Mtu wa umri wa bibi akisema "Sayyid Khalifa" bila ya kuongeza neno, anamkusudia nani? Yule aliyekufa kabla bibi hajazaliwa, au huyu aliyemkuta kwenye kiti, akaolewa chini yake, akazaa chini yake? 1938 ni enzi ya Sayyid Khalifa. Bibi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Dalali alichofanya ni kulichukua neno lake la kweli na kulikabidhi kwa mtu mwingine mwenye jina hilohilo.

Na alifanya jingine baya zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Katika maneno ya bibi alichukua Sultani akamwacha sonara. Karatasi nzima, aya nne, haimo hata mara moja kauli kwamba kitu hiki kilitengenezwa na mtu. Jambia lilikuwa "la", lilikuwa "katika", lilitolewa "na". Kufanywa, hapana. Kana kwamba liliota kiunoni mwa mfalme kama kucha.

Niliomba ruhusa nilipeleke kwa sonara wa hapa mjini tunayemwamini, mzee ambaye baba yake naye alikuwa sonara. Ami akakubali, akidhani tunakwenda kuthibitisha. Mzee yule hakuniuliza la nani wala la lini. Aliweka miwani akaanza kulifungua kama mtu anayemenya chungwa asilotaka kulipasua.

Kwanza fedha. Aliipima kwa mashine yake, ikatoka karibu na 833 katika 1,000. Namba hiyo masonara wanaijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo fedha ya riale ya Maria Theresa, ile yenye picha ya mama mnene. Pwani yote na Arabuni yote fundi akitaka fedha aliyeyusha riale. Hapo mtu angeruka kusema: si unaona, riale zimeandikwa 1780! Nimewahi kuona tangazo la mkufu wenye riale ikining'inia, na muuzaji ameandika kwa kujiamini kwamba mkufu ni wa karne ya 18. Ndugu yangu, kila riale imeandikwa 1780. Maria Theresa alifariki mwaka huo, na tangu hapo sarafu yake ikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile kwa sababu wafanyabiashara wa huku hawakukubali nyingine. Mussolini alizipiga Roma miaka ya 1930, Waingereza nao wakazipiga London na Bombay, na Vienna wamezipiga tena baada ya vita. Tarehe iliyo juu ya kitu si lazima iwe tarehe ya kitu. Kwa hiyo 833 ilituambia kwamba fundi aliyeyusha riale kama mafundi wenzake, na kwamba pengine hili si jambia la duka la watalii la juzi, ambalo kwa kawaida lingekuwa na 925. Zaidi ya hapo fedha ilinyamaza.

Kisha mpini. Jambia letu ni la umbo ambalo Oman wanaliita Saidi, kwa jina la ukoo wa Al Said: mpini umefunikwa fedha kutoka juu hadi chini, nyuzi zimesukwa hata huoni mwanzo wake, na ala ina pete saba badala ya nne za kawaida. Husimuliwa kwamba umbo hili lilibuniwa na mmoja wa wake za Sayyid Said bin Sultan. Dalali alihesabu pete, zikafika saba, akatangaza ufalme. Lakini umbo ni mtindo, na mtindo huigwa! Mwenye karafuu za kutosha angeweza kumwendea sonara akamwambia: nifanyie kama la Sayyid. Pete saba zinanionyesha mteja alitamani nini. Hazinionyeshi alikuwa nani.

Na hiyo pembe ya kifaru, naomba mnisaidie kucheka. Mpini umefunikwa fedha kote. Dalali aliionaje pembe? Mzee alipoinua kipande cha fedha cha nyuma, ndani palikuwa na mti. Mti mweusi, mzito, kwa macho yake ni mpingo. Alinipa nikaunusa.

Niliposhika mti ule nilifurahi, na si kwa sababu ya kumshinda dalali. Hebu tuseme wazi: kuandika "pembe ya kifaru" kwenye tangazo kama sifa ni aibu. Vifaru weusi wa Kenya walikuwa kiasi cha 20,000 mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Yemen ya Kaskazini, ambako pesa za mafuta za ndugu waliokwenda kufanya kazi Saudia ziliwawezesha vijana wengi kununua jambia ambalo zamani lilikuwa la masheikh na makadhi. Biashara ya kimataifa ya pembe hiyo imepigwa marufuku tangu 1977. Muuzaji anayekuahidi kifaru, ama anakudanganya ama anakualika kwenye kosa la jinai, na ajabu ni kwamba yote mawili yanapandisha bei.

Basi tukarudi kwenye mti. Kati ya mti na fedha fundi alikuwa ameshindilia lakiri, na palipokuwa na nafasi amejaza karatasi iliyokunjwa. Mzee aliitoa kwa kibanio. Ilikuwa kipande cha gazeti, ukubwa wa stempu mbili. Upande mmoja Kigujarati, ambacho sikijui. Upande wa pili Kiingereza, tangazo la bidhaa ambayo jina lake limekatika, na bei yake: Shs. 2/50.

Nilikaa pale dukani nikiisoma bei ile kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Shilingi! Zanzibar haikutumia shilingi hadi Januari 1936. Kabla ya hapo ilikuwa rupia. Haya, tuseme gazeti lilitoka Mombasa au Dar es Salaam, likapelekwa Unguja likiwa limefungia kitu. Bara nako shilingi ya Afrika Mashariki haikuwepo kabla ya 1921. Chukua njia yoyote uitakayo, mwaka 1889 hakuna mtu aliyechapa tangazo la shilingi mbili na senti hamsini. Mpini ule ulifungwa baada ya hapo, na fundi, au mtoto wa dukani mwake, alikuwa na gazeti la Kigujarati mkononi. Sonara Mhindi, nyuma ya soko la Darajani. Sultani hajaacha alama hata moja kwenye jambia letu. Sonara ameacha gazeti lake.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu ami alilileta kwa sauti ya juu. Huenda, alisema, jambia ni la 1889 na mpini ulitengenezwa upya 1938. Ni hoja ya maana, na sitaifukuza. Kisu kama hiki hakina umri mmoja. Bapa laweza kuwa la baba, mpini wa mwana, ala ya mjukuu, na mkanda ukanunuliwa jana. Mafundi wa zamani hawakutupa chuma kizuri. Na kwa kweli mzee alinionyesha kwamba bapa letu limenolewa sana, limepungua, na shina lake halikai sawa kwenye tundu la mpini, limebanwa kwa vijiti. Bapa hilo limewahi kukaa kwenye mpini mwingine. Kwa hiyo, naam, chuma chaweza kuwa cha kale kuliko fedha yake. Sijui mtu anayeandika "la mwaka 1889" angeiwekaje habari hiyo kwenye karatasi yake. Mimi ningeandika: bapa la zamani zaidi, mpini na ala Unguja kiasi cha 1938. Lakini ami, ukishakubali kwamba mpini na ala ni vya 1938, basi tarehe iliyochorwa kwenye ala, ile iliyokupa Sultani wako, ni ya 1938. Huwezi kuutumia mwaka wa ala kuthibitisha bapa na papohapo ukaikana ala.

Tunaoshughulika na miswada tunalijua hili. Tarehe ya mnakili si tarehe ya mtunzi. Mtu akituletea utenzi wenye tarehe mwishoni, tunauliza: hii ni siku ya kutungwa au siku ya kunakiliwa, wino ni mmoja, karatasi ni ya wapi, ina alama ya maji? Tunaweza kugombana mwaka mzima juu ya nukta moja ya herufi. Kisha tunaandika hadithi fupi, na ndani yake babu ana jambia "la karne nyingi", na hakuna mhariri anayeinua nyusi. Nimesoma hadithi kama hizo, na nikiri, nimeandika moja. Jambia ndani yake halina fundi. Lina mababu tu.

Angalia wenzetu wa Marekani, ambao wana ugonjwa wao lakini angalau wanaumwa jina la fundi. Bob Loveless, aliyefariki 2010, alikuwa akitengeneza visu vya kuwinda. Vile vya mwanzo, vya miaka ya 1950, vilibeba alama ya "Delaware Maid" na kuuzwa kwenye duka la Abercrombie & Fitch, New York. Baadaye alama zikafuata alikohamia, na mwisho ikawa Riverside, California, alikokaa hadi kufa. Wakusanyaji wanakitia kisu chake kwenye miaka kwa kuangalia mji uliochapwa juu ya bapa. Bila shaka wapo wanaoghushi alama hizo, palipo na pesa pana wezi. Ila swali la kwanza wanaloulizana ni "nani alikitengeneza, alikuwa anakaa wapi?" Hawaanzi na nani alikivaa. Sonara wetu hakupiga chapa ya jina. Hiyo ni sababu ya kumtafuta zaidi, na si kibali cha kumpa kazi yake mfalme.

Mwaka 2022 UNESCO iliiandika hanjari ya Oman kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Someni kilichoandikwa: ni ufundi wa kuitengeneza na desturi za kuivaa. Hawakuandika jambia la fulani bin fulani. Waliandika mikono.

Limebaki neno moja la karatasi ile ambalo siwezi kulipita: "familia ikalificha ilipokimbia". Bibi hakulificha. Alilibeba. Aliacha nyumba, akaacha cherehani, akachukua watoto watatu na kapu moja. Mwaka 1964 una uchungu wake kwa watu wa kila upande, na watu wazima hadi leo huuzungumza kwa sauti ya chini. Halafu anakuja kijana na simu yake anaufanya kuwa kitoweo cha tangazo, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo wanapenda kasri linaloungua. Bibi yangu hakutoka kasrini. Alitoka Ng'ambo, kwenye chumba cha kupanga, na jambia lile lilikuwa kitu cha thamani pekee walichokuwa nacho, lililolipiwa kwa kazi, kwa sonara ambaye nadhani nao walimdai au aliwadai hadi mwisho. Hadithi hiyo haina bei? Labda haina. Mnunuzi alipopata maelezo yangu kupitia kwa ami, maana ami ni mtu mkweli na alimpelekea, hakujibu tena. Dalali naye akapotea.

Paa bado linavuja. Nimechangia mabati, siwezi kuezeka nyumba nzima. Nilimwandikia ami maelezo mapya, mistari sita, yenye mwaka, mji, umbo, fedha ya riale, mpingo, na maneno "sonara wa Kihindi, Darajani, jina halikuhifadhiwa". Nilimwambia yupo atakayelinunua kwa maelezo hayo, kwa bei ndogo lakini bila ya kuona haya. Alijibu kwa ujumbe mmoja, kupitia kwa binti yake. Aliuliza kama kile kipande cha gazeti bado ninacho, na kama nimekionyesha kwa mtu mwingine, maana mzee yule sonara anaweza kuurudisha mpini kama ulivyokuwa.

Jambia analo yeye. Gazeti ninalo mimi, ndani ya kurasa za kamusi, na nimepata mtu wa kunisomea ule upande wa Kigujarati.